Vinyago Viwili vya Zau

Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo mgeni, akiyakuta kwa mara ya kwanza, huyatia yote katika kapu moja. Uganga, uchawi, ulozi, sihiri, mazingaombwe: kwake haya yote ni jambo moja, yaani mtu kutenda kwa nguvu isiyoonekana lile lisilotendeka kwa mikono. Mwenyeji hayachanganyi. Mganga huitwa mchana, na ujira wake hutolewa mbele za watu. Mchawi hutembea usiku, wala hapana amwitaye. Mazingaombwe ni kiinimacho cha kuchekesha watu, nayo huisha pale pale yalipoanzia. Tofauti hizi si za msamiati tu. Kila neno katika hayo lina jibu lake kwa swali moja: nguvu hii ina gharama gani, na mwenye kuilipa ni nani?

Swali hilo ndilo litakalotuongoza katika kuutazama mchezo mmoja wa kompyuta uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa tarehe 23 Aprili 2024, pamoja na hukumu mbalimbali walizoutolea wachezaji. Huenda mwalimu mmoja akashangaa kuona mchezo ukiwekwa mahali pa tenzi na tamthilia. Asishangae sana. Mchezo huu una wahusika, una kisa, una mwanzo na mwisho, tena umetungwa na mtu aliyekuwa na jambo zito la kusema. Basi unastahili kuhojiwa kama kitabu kihojiwavyo. Ama wewe msomaji, ikiwa hujapata kuucheza kwa kuwa mashine zake ni ghali, usiwe na wasiwasi. Mambo yatakayohitajiwa katika mjadala nitayaeleza.

Mtungaji wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili ya wazee wake ni Kenya. Wapenzi wa michezo ya kompyuta walimjua kwanza kwa sauti, kwani mwaka 2017 yeye ndiye aliyesema maneno ya Bayek, shujaa wa Misri ya kale katika mchezo wa Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki mwaka 2013. Salim ameeleza hadharani kwamba mchezo huu umezaliwa na msiba huo, na kwamba mizizi yake imo katika masimulizi aliyoyasikia kwa baba yake tangu utoto. Akaanzisha kampuni yake, Surgent Studios, na mchezo ukachapishwa na Electronic Arts ya Marekani, ambayo ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo duniani. Mchezaji akitaka aweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Jambo hili la mwisho lisipitwe haraka: michezo ya namna hii iliyotoka katika kampuni kubwa huzungumza Kijapani, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, lakini ni nadra mno kuzungumza lugha ya Mombasa na Bungoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na baba yake, naye ameachiwa kitabu alichokiandika marehemu. Akikifungua, ndani yake twakutana na kijana mwingine, Zau, mganga wa nchi ya kubuni iitwayo Kenzera, ambaye naye amefiwa na baba. Zau hakubali msiba. Amwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: Zau atamletea mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kuingia katika nchi ya wafu, na Kalunga atamrudishia baba yake. Mauti, ambayo mtu angeyatazamia yaje kwa sura ya kutisha, yaja kwa sura ya mzee mwenye maneno ya taratibu, amsindikizaye kijana njiani na kumshauri kama babu amshaurivyo mjukuu. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika kazi nzima.

Silaha za Zau ni vinyago viwili alivyovirithi kwa baba yake. Kinyago cha Jua humpa moto na mapigo ya karibu. Kinyago cha Mwezi humpa vipande vya nuru vya kurusha kutoka mbali, pamoja na uwezo wa kugandisha maji. Kitufe kimoja kikibonyezwa, kinyago hubadilika, hata ikiwa Zau yu hewani katikati ya mruko. Adui wengine hujikinga kwa ngao za rangi: ya rangi ya moto haina budi kuvunjwa kwa Jua, ya samawati kwa Mwezi. Kila kinyago kina mti wake wa ustadi, na matawi yake hufunguliwa kwa kitu kiitwacho ulogi, akipatacho Zau kila awashindapo adui. Tena iko nguvu ya roho ijaayo polepole katika mapigano, na mchezaji huitumia ama kujiponya majeraha ama kupiga pigo kubwa. Kwa nguvu ile ile moja hawezi kufanya yote mawili.

Huo ndio uganga wa Zau, nao ndio uliowagawanya wachezaji.

Waliousifu mchezo walisema kwamba mabadilishano ya vinyago ni kama ngoma: mwili ukiisha kuizoea, Zau huteleza kutoka motoni kuingia mwezini bila kusita, na mchezaji huhisi kuwa acheza wala hapigani. Walisifu rangi za nchi, na muziki wa Nainita Desai. Zaidi ya yote walisifu namna huzuni ilivyotendewa kwa heshima. Na wale waliokuwa wamefiwa walipata humo maneno ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyasema. Waliolaumu walisema vinyago viwili ni vichache. Kwamba baada ya saa mbili mtu ameona karibu kila kitu. Kwamba adui ni wa aina chache na hurudiarudia. Kwamba kuna mahali mchezaji akikosea hatua moja hufa papo hapo na kurudishwa nyuma akafanye yale yale. Tena mchezo ni mfupi, hata mtu aweza kuumaliza kwa muda usiofika saa kumi. Kundi la tatu halikucheza kabisa. Hao walichukizwa kwamba shujaa ni Mwafrika na mtungaji ni mtu mweusi, wakatoa matusi hata kabla mchezo haujafika sokoni, mpaka Salim mwenyewe akalazimika kuzungumza hadharani mwaka 2024 juu ya chuki hiyo. Hukumu ya kundi hili si hukumu, nasi hatutaishughulikia tena. Nimeitaja kwa sababu moja tu: kazi ikitukanwa na wajinga, wapenzi wake huogopa kuikosoa, wakidhani kwamba kila aonyeshaye dosari amejiunga na watukanaji. Hapo kazi hupata hasara ya pili.

Ugomvi juu ya uganga wa kubuni si mpya, wala haukuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Huchezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Watu huketi pamoja, mmoja akawa msimulizi, na wengine kila mtu akajifanya shujaa wake: huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi. Sheria za uchawi wake ziliazimwa katika hadithi za Jack Vance, ambaye kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilitoka mwaka 1950. Mchawi hukariri maneno yake mapema, na akiisha kuyatamka hufutika kichwani mwake mpaka ayakariri tena. Kwa hiyo mchawi mwanzo wa mchezo ni mtu dhaifu sana: ana neno moja, na akilitumia vibaya amebaki na fimbo yake mkononi.

Vikafuata vijitabu vya nyongeza, na kila kijitabu kilileta kelele zake. Cha mwaka 1975, Greyhawk, kiliongeza maneno ya uchawi na daraja zake. Cha mwaka 1976, Eldritch Wizardry, kilileta nguvu za akili tupu, zisizohitaji kukaririwa wala kutamkwa. Wako waliofurahi kama watoto waliopewa sukari. Wako pia waliokiweka kijitabu kabatini wakasema kwamba nguvu hizo zimewaangukia wachache kwa bahati ya dadu na kuharibu mizani ya mchezo. Mwaka huo huo Gygax aliandika makala ya kueleza na kutetea misingi ya uchawi wa mchezo wake. Wengine hawakuridhika, wakaenda kutunga michezo mingine. Katika RuneQuest, wa mwaka 1978, karibu kila mtu ana uganga kidogo, lakini atakaye uganga mkubwa wa miungu hutoa sehemu ya nguvu za nafsi yake. Katika Ars Magica, wa mwaka 1987, uchawi umekuwa sarufi: kuna vitenzi vitano vya Kilatini, yaani kuumba, kufahamu, kugeuza, kuharibu na kutawala, na kuna majina kumi ya vitu, kama moto, maji na mwili. Mchawi huunganisha kitenzi na jina, na hapo jambo hutendeka. Mwanafunzi aliyepata taabu na ngeli za Kiswahili ataona mara moja kwamba katika mchezo kama huo mtu mvivu wa sarufi hafiki mbali.

Nimetaja mambo haya ya mbali ili ionekane kwamba watu hao, kwa muda wa miaka mingi, hawakuwa wakigombania wingi wa maneno ya uchawi, ingawa wenyewe mara nyingi walidhani hivyo. Waligombania gharama. Uganga usio na gharama ni kama fedha ichapwayo bila kiasi: siku ya kwanza kila mtu tajiri, siku ya pili mkate haununuliki. Watungaji wa hadithi zetu walilijua jambo hili zamani. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hakuingiwa na silaha. Lakini palikuwapo mahali pamoja, kitovuni, na chombo kimoja, sindano ya shaba. Naye aliyeichoma ni mwanawe. Ondoa kitovu hicho, na Liyongo hana kisa tena. Hali kadhalika Adili katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ndugu zake waliomdhulumu wamegeuzwa manyani, na hilo lingeweza kuwa furaha ya kisasi; lakini sharti la jini ni kwamba Adili mwenyewe awapige kila usiku, naye huwapiga huku moyo ukimuuma. Ajabu ya kugeuzwa manyani msomaji huisahau upesi. Kile kiboko cha kila usiku hakisahau.

Sasa tumrudie Zau. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika mchezo huu mna uganga wa namna mbili, na kwamba hawa wawili hawakujuana vya kutosha.

Uganga wa kwanza ni yale mapatano na Kalunga. Huu ni mzito. Zau anataka kununua kisichouzwa, tena anataka kukinunua kwa kuwashurutisha wengine wafanye kile ambacho yeye mwenyewe anakikataa. Mizimu mitatu aliyoahidi kuileta imekataa kuingia katika nchi ya wafu. Na yeye Zau amekataa nini, kama si hilo hilo? Kila mzimu anaoushinda ni hukumu juu yake. Hapa mtungaji ameona mbali, na wale wasemao kwamba kisa ni chepesi hawakukitazama karibu.

Uganga wa pili ni vinyago. Huu ni mwepesi mno. Jua hutoka, Mwezi huingia, kitufe hubonyezwa, moto humwagika, nao haumgharimu Zau kitu. Kinyago cha marehemu baba kingalitazamiwa kiwe na uzito usoni mwa mwana. Kila akivaapo kingeweza kumkumbusha, kumchosha, kumlemea, au kukataa kutii siku fulani. Badala yake vinyago vimekuwa kama nyundo na msumeno katika sanduku la seremala, na seremala wa kazi hii ameondolewa hata shida ya kuchagua, maana rangi ya ngao ya adui humwambia atoe chombo gani. Waliolaumu kwamba vinyago ni vichache walisikia njaa kweli, lakini walikosea jina la chakula. Wangepewa vinyago kumi vya bure, wangechoka navyo vile vile, pengine mapema zaidi. Na waliosifu ngoma ya vinyago walisema kweli kuhusu mikono. Ila walipotaka kusifu huzuni, iliwabidi waache kuzungumza juu ya mapigano na kuanza kuzungumza juu ya mazungumzo kati ya Zau na Kalunga. Hilo lenyewe ni ushahidi. Mchezo umewalilia wachezaji katika maneno, ukawafurahisha katika mikono, na njia kati ya maneno na mikono haikulimwa.

Si kwamba haikulimwa kabisa. Mara mbili nauona mwanga. Mara ya kwanza ni ile nguvu ya roho, ambayo mchezaji lazima achague kuiponyea au kuipigia. Hapo panapo gharama ya kweli, ndogo lakini ya kweli: mtu mwenye jeraha na hasira ni lazima aamue lipi litangulie. Mara ya pili ni mbuyu. Njiani Zau hukuta mibuyu, na chini ya kila mmoja huketi. Huketi tu, akawaza na kuzungumza juu ya baba yake. Na akiinuka, uhai wake umeongezeka. Sijui mchezo mwingine ambamo shujaa huongezewa uhai kwa kukaa matanga. Watu wa Malakisi hawana mibuyu, kwani mti huo hupenda joto la pwani na nchi kavu kuliko baridi ya miguuni pa Mlima Elgon, lakini wanajua vizuri maana ya kukaa katika ua wa mfiwa na kumwacha aseme atakayo. Mtungaji aliyevumbua mbuyu huo angaliweza kuvumbua na kinyago chenye uzito.

Yako pia mambo ya majina, na hapa nataka kuwa mkali kidogo.

Kitu kinachofungua matawi ya ustadi wa Zau kinaitwa ulogi. Neno hili halitakuwa geni kwako. Kiswahili chasema kuloga na ulozi. Mbukusu asema omulosi, wala hasemi kwa kucheka. Katika lugha nyingi za Kibantu mzizi huu ni wa uovu wa usiku, ni kinyume cha kazi ya mganga. Basi imekuwaje mganga mwema akusanye ulogi kama mtu akusanyavyo kuni? Huenda mtungaji alitaka kusema kwamba nguvu ni moja, na moyo wa mwenye kuitumia ndio uifanyao njema au mbaya. Lingekuwa wazo zuri, kama mchezo ungelishughulikia. Lakini mchezo haulishughulikii. Hulihesabu tu kwa tarakimu. Mchezaji wa London au Chicago hatajua kwamba pamesemwa neno. Mchezaji wa Bungoma atasita.

Asiyeelewa kwa nini asite na akumbuke kilichotokea Malakisi. Neno msambwa, ambalo kwa Wabukusu linahusu roho za wazee waliotangulia na ibada zao, liliwahi kuwa jina la dini, Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde na kuupinga utawala wa Waingereza. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake hapa Malakisi, na watu kumi na mmoja wakafa. Sisemi kwamba mambo ya mizimu yasitiwe katika michezo. Yatiwe, kwa kuwa sanaa yote hula katika chungu hicho. Nasema tu kwamba mahali ambapo watu wamezikwa kwa ajili ya neno, mtumiaji wa neno hutazamiwa ajue uzito wake.

Tazama na mizimu yenyewe. Mchezo umetangazwa kuwa wa ngano za Kibantu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa, na hao ni Wabantu kweli. Lakini GaGorib atokana na masimulizi ya Wakhoikhoi wa kusini, ambao si Wabantu. Na Kikiyaon, yule bundi mla roho, ni wa Wabambara wa Afrika ya Magharibi, maelfu ya maili kutoka huku. Kalunga naye ni jina la magharibi ya bara, la Wakongo na watu wa Angola, na kwa Wakongo ni maji yatengayo wazima na wafu. Kenzera basi ni soko ambalo kila kabila limeleta bidhaa yake. Soko si dhambi, na mtoto aliyezaliwa ng'ambo, aliyekusanya Afrika yake kwa masikio, ana haki ya kuichanganya apendavyo. Hata hivyo najiuliza kama mapatano na mauti yangalikuwa makali zaidi laiti mizimu ile ingalitoka katika nyumba moja, yenye sheria zake zinazojulikana, hata mchezaji akajua kwamba mzimu huu ukikosewa hivi, hulipiza vile. Huko kuchanganya ndiko kulikowafanya baadhi ya wachezaji waone kwamba mizimu ni maadui wakubwa wenye umbo zuri, na si zaidi.

Linganisha na kisa ambacho kila mtoto wa Kibukusu hukipata kwa wazee wake. Palikuwa na joka, Yabebe, lililokaa katika pango la Mwiala na kula watu na mifugo. Mango akaenda peke yake. Hakuwa na kinyago wala neno la uchawi. Alikuwa na ngao na upanga ulionolewa sana, naye akalingojea mlangoni mwa pango lao lenyewe. Kichwa kilipokatwa kiliruka, kikauma mti kwa hasira ya mwisho, na mti ukapukutisha majani yake ukakauka. Wasimulizi hutofautiana katika mambo madogo, lakini wote hufika mahali pamoja: baada ya ushindi huo Mango alikwenda kwa majirani, ambao Wabukusu huwaita Barwa, naye akatahiriwa. Hiyo ndiyo asili ya tohara ambayo mpaka leo hurudi kila baada ya miaka miwili mwezi wa Agosti. Ona jinsi kisa kilivyojengwa. Joka likifa, mchezo wa kawaida ungekwisha, na shujaa angepewa nguvu mpya bure. Katika kisa cha Mango, kuua joka ni nusu tu. Ushindi wake humfikisha mbele ya kisu kingine, na mara hii yeye ndiye akatwaye, tena amesimama wima bila kupepesa jicho.

Mchezo huu ulipata mapato ya namna mbili. Mwezi wa Julai 2024, miezi michache tu baada ya kutolewa, kampuni ya Surgent Studios ilitangaza kwamba inapunguza wafanyakazi. Mwaka 2025 mchezo ukapewa tuzo ya BAFTA huko Uingereza, katika fungu la michezo ipitayo mipaka ya burudani. Mambo hayo mawili yalikwenda na hukumu zile mbili za wachezaji: wale waliotaka zaidi kwa mikono yao hawakutosha kununua, na wale walioguswa moyoni waliona kwamba wamepewa kitu adimu.

Limebaki jambo moja nililolistaajabia katika mabishano hayo. Watu wamehesabu vinyago, wamepima mapigo, wamepima urefu wa mchezo kwa saa, lakini sikuona wengi wakikishughulikia kile kitabu cha Zuberi. Kumbuka kwamba Zau, vinyago, mizimu na Kalunga vyote vimo ndani ya maandishi ya mtu mmoja, baba, aliyeyaacha nyuma yake kwa ajili ya mwanawe. Zau alitaka kumrudisha baba yake kwa moto na kwa mapatano. Zuberi alifunua kurasa, na sauti ya baba yake ikaanza kusema naye tangu ukurasa wa kwanza.